Novena ya Aliye Hai

Asubuhi ile Rubiela aliamka na mvua, akawasha kuni, akakanda unga wa mahindi na kubandika arepa mbili, mikate bapa ya kwetu, juu ya wavu wa moto. Ya mumewe aliitia jibini ndani na kuikatakata vipande vidogo, maana siku hizi Otoniel alikuwa anasahau kutafuna. Nje ukungu ulikuwa umekaa juu ya mibuni, hauna haraka ya kuondoka. Ilikuwa siku kama siku nyingine huku kwetu El Retamo, ambako mtu akikwambia mvua imekatika ujue ni mgeni.

Alimpelekea chakula kibarazani. Otoniel alikuwa kwenye benchi lake, poncho mabegani, kamba laini ya katani kiunoni, ncha ya pili imefungwa kwenye nguzo. Alipomwona anakuja aliinuka kidogo, kwa adabu ya mtu aliyelelewa vizuri.

"Habari za asubuhi, bibie. Samahani, mwenye nyumba yupo?"

"Yupo. Kula kwanza."

"Sitaki kuwasumbua. Nasubiri mvua ipungue niende kwetu. Mke wangu ananingoja."

Rubiela akakaa kando yake na kumlisha kipande kimoja kimoja. Mwanzoni alimjibu, "Mkeo ni mimi." Akimjibu hivyo Otoniel alikuwa anamwonea haya, anageuza uso pembeni kama mwanamume anayetongozwa na mwanamke wa watu. Kwa hiyo aliacha kumwambia.

Kwetu ugonjwa huo tunauita ubwege. Hatuuiti hivyo kwa dharau. Ndilo jina tulilolikuta. Upo katika koo fulani tu. Unamkuta mtu hajafika hamsini, ana nguvu zake, unaanza kumchomoa kidogo kidogo. Kwanza maneno, kisha njia ya kurudi nyumbani, kisha sura za watoto. Wako wanaosema babu wa ukoo alimtukana padri. Wako wanaosema upo mti msituni, gome lake likikugusa basi tena. Padri mwenyewe alitwambia tuache upuuzi, ila naye hakutwambia ni kitu gani.

Na Otoniel alikuwa mtu! Alikuwa akiongoza nyumbu wa mizigo kutoka huku juu mpaka mjini Yarumal, anapiga mluzi unasikika bonde la pili, na ulimi wake ulikuwa hauna likizo. Yeye ndiye aliyempa mkewe jina la Jemadari, kwa sababu Rubiela alikuwa anaamrisha hata kuku. Usiku wa harusi yao Otoniel alimpigia saluti mbele ya wazazi wa mke, na baba mkwe akacheka mpaka meno ya bandia yakamtoka. Mtu huyo ndiye aliyetoka asubuhi moja akamtandika ndama tandiko la nyumbu, akamuaga mkewe kwamba anakwenda mjini. Rubiela alidhani ni utani wake, akacheka. Otoniel hakucheka.

Baada ya hapo ikaja kamba. Bila kamba angeteremka makorongoni. Watu waliopita njiani waliitazama ncha iliyomfunga Otoniel wakasikitika, lakini ncha ya pili hawakuiona. Rubiela hakuweza kwenda misa, wala sokoni, wala kulala usingizi wa kushiba. Binti yao wa pekee, Nidia, alikuwa anashona nguo mjini na kupanda nyumbani kila Jumamosi. Siku hizo tu mama aliweza kutoka mpaka barabarani.

Nidia alikuwa na kidevu cha baba yake, na nyusi zake, na huo ulimi. Jumamosi moja, wanachambua maharage, alisema bila kuinua kichwa, "Mama, na mimi nitaanza lini?"

"Utaanza nini?"

"Wewe unajua nini."

"Chambua maharage," Rubiela alisema.

Mwaka ule alikufa jirani mmoja, alipigwa teke na nyumbu. Kama ilivyo kwetu, baada ya mazishi watu walikusanyika kwa mjane jioni tisa mfululizo kusali novena. Shuka jeupe likatundikwa ukutani, likawekwa meza yenye mshumaa, kofia ya marehemu na bilauri ya maji, kwa kuwa roho inatoka mbali na inafika na kiu. Jioni ya mwisho shuka likashushwa, mlango ukafunguliwa, watu wakasogea kando ili roho ipite iende zake. Watu walileta kahawa na mikate. Wakamshika mjane mkono, wakamwachia alie.

Rubiela alihudhuria jioni mojawapo, ile ya Jumamosi, akalia kuliko mjane. Ikabidi mjane mwenyewe amletee maji. Akarudi nyumbani amejaa wivu, na niseme wazi: alimwonea wivu mwanamke aliyefiwa. Yeye naye alikuwa amefiwa. Ila marehemu wake alikuwa anaomba chai kila asubuhi, na hakuna aliyewahi kumletea mkate.

Ijumaa moja, bila kungoja Nidia aje, alikaza kamba ya Otoniel na kumwendea Mama Edelmira, bibi anayeongoza sala kwenye misiba yetu yote, mwenye magoti magumu na maneno magumu zaidi.

"Nataka unisomee novena ya Otoniel."

"Otoniel kafa lini?"

"Unajua alivyo, mama."

"Najua anakula, najua anakwenda haja. Mtu wa namna hiyo hasomewi. Wee Rubiela, usinichezee na mambo haya. Rudi kwako kampe mumeo uji."

Akarudi kwake, akampa mumewe uji. Kisha, jioni hiyohiyo, saa ya rozari, akaingia chumba cha nyuma walichokuwa wakihifadhia kahawa, akatundika shuka. Akaweka mshumaa. Akaweka kofia ya Otoniel ya safari, ile yenye utepe mweusi. Akajaza bilauri maji ya kisima.

Hakuwa na nia mbaya. Alitaka kulia kwa utaratibu, basi. Alipiga magoti, akaanza, na alipofika mahali pa kutaja jina alilitaja kama linavyotajwa siku zote katika sala hiyo.

"Umpokee mtumishi wako, marehemu Otoniel."

Kibarazani, mtu ambaye kwa miezi hakuwa akiitikia hata jina lake, akaitika, "Naam."

Rubiela aligeuza uso kuelekea kibarazani. Akajiambia ni bahati tu. Akamalizia sala.

Kesho yake akaikuta bilauri imepungua mpaka nusu. Akamlaumu paka. Akaijaza tena, akafunga mlango kwa komeo, akasali jioni ya pili na ya tatu. Kila asubuhi maji yalikuwa yamepungua, na paka alikuwa amelala jikoni hana hili wala lile. Lakini moyo wa Rubiela ulikuwa umepata nafuu, na mtu aliyepata nafuu haulizi maswali. Alikuwa analia jioni na kulala usiku. Rangi ikamrudia usoni.

Asubuhi moja alikuwa zizini anakamua. Kulikuwa kumepambazuka, ukungu mzito, ng'ombe anacheua. Nyuma yake, upande wa pili wa ua, mtu akasema:

"Jemadari, umevaa buti mbili za kushoto. Leo jeshi lote litakwenda upande."

Rubiela akatazama miguu yake. Kweli, alikuwa amevaa buti mbili za mpira za mguu wa kushoto. Akaangua kicheko. Alicheka kama alivyokuwa akicheka zamani, kwa tumbo lote, kabla akili haijamfikia. Ilipomfikia, kicheko kikakatika.

Akageuka. Nyuma ya ua palikuwa na ukungu na mibuni. Hapakuwa na mtu.

Akaacha ndoo, akakimbia kibarazani. Otoniel alikuwa kwenye benchi, kamba kiunoni, kidevu kifuani, mate yanamdondoka kwenye poncho. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Alipomwona alinong'ona, "Bibie, naomba maji."

Alimpa kikombe. Akanywa. Akampa kingine. Akanywa. Akanywa jagi zima, na alipomaliza ulimi wake ulikuwa bado mkavu.

Tangu siku hiyo sauti ilikuja kila siku, na ilikuja mchana, watu wakiwa mashambani na jua likijaribu kutoka. Alipoanika kahawa iliongea nyuma ya ukuta. Alipofua iliongea bondeni kwenye migomba. Ilikuwa sauti ya Otoniel mzima, ile ya kabla ya ndama na tandiko. Ilimkumbusha baba yake na yale meno ya bandia. Ilimtania kwamba kahawa yake inaweza kupaka viatu rangi. Ilimwimbia. Iliujua mluzi. Hakuwahi kuona hata kivuli, na upesi akaacha kutazama, kwa kuogopa kwamba akitazama itakoma.

Siwezi kumlaumu. Nani asingesikiliza? Alianza kuosha nywele kila asubuhi. Akatoa sandukuni gauni la buluu. Chakula cha Otoniel kikawa kinachelewa, kisha kikawa kinapoa, na siku moja alisahau kabisa. Alipokumbuka alimkuta amejivuta mpaka mwisho wa kamba, amepiga magoti, kichwa chake kimo ndani ya ndoo ya ndama. Anakunywa. Ndama amesimama pembeni anamtazama.

"Otoniel! Toka huko!"

Akainua uso uliolowa. Macho yalikuwa yameingia ndani. Akamvuta karibu kwa kidole, akamnong'oneza sikioni.

"Bibie. Yule bwana wa chumba cha nyuma. Mwambie aondoke. Ananinywa."

Rubiela akatazama mlango wa chumba cha nyuma. Alimfuta uso kwa aproni, na kutoka kwenye migomba sauti ikasema kwa upole, "Mwache huyo mzee, Jemadari. Njoo tuzungumze."

"Wewe ni nani?" aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kuiuliza.

"Mimi ndiye unayemlilia."

"Otoniel ni huyu hapa."

"Huyo anakujua?"

Rubiela akakaza fundo la kamba kiunoni mwa Otoniel.

"Basi maliza ulichoanza," sauti ikasema. "Jioni ya mwisho utafungua mlango. Mmoja atatoka, mmoja ataingia. Nitakaa mezani pako. Nitakujua mpaka tufe."

Alitaka. Nisimpambe. Alitaka kwa mwili wote.

Kesho yake Mama Edelmira alipanda kuchukua maziwa, kama desturi yake, akapita kibarazani na kumwona Otoniel. Akaweka kopo chini. Akamtazama midomo, akamtazama ngozi ya mikono, kisha akanusa hewa. Nyumba ilikuwa inanuka nta ya mshumaa. Bila kuomba ruhusa alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma na kusukuma mlango.

"Mungu wangu! Rubiela! Umefanya nini?"

"Nimesali, mama."

"Umemzika mume wa mtu yu hai!"

"Ni mume wangu."

"Ndiyo mbaya zaidi! Mwanangu, ukimwita mtu marehemu mbele ya maji, roho yake inakuja kunywa. Ya maiti inakuja ikitoka kaburini. Ya huyu itoke wapi? Inatoka ndani yake!" Akashika bilauri juu ya mwanga. Maji yalikuwa robo. "Umebakiza jioni ngapi?"

"Moja, ukiacha ya leo. Kesho." Rubiela akapiga magoti palepale kwenye magunia. "Nivunje altare? Nizime mshumaa?"

"Ukivunja leo, kile cha nje kitabaki nje na huyu atakauka kama jani la tumbaku. Ukimaliza na kufungua mlango, huyu anatoka miguu mbele, kwenye jeneza. Umejifungia mwenyewe, na ufunguo umeumeza."

"Nifanyeje, mama?"

Mama Edelmira alikaa juu ya gunia, akapangusa miwani kwa sketi. Hasira ilikuwa imemwisha. "Maji ni ya anayesomewa. Anayesomewa ana koo. Kesho, saa ya rozari, funga kila mlango, jaza bilauri, mnyweshe yeye mwenyewe mbele ya altare. Yote. Tone la mwisho. Usiache njiani kwa lolote, hata nyumba iwake moto." Akamshika kidevu. "Ila sikiliza. Akishakunywa, yule wa nje hutamsikia tena. Hata ndotoni. Utabaki na huyu wa benchini, hivihivi alivyo. Umenielewa?"

Rubiela alielewa vizuri sana. Ndiyo maana usiku huo hakulala, na asubuhi alikuwa bado hajaamua.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Nidia alifika mchana amelowa, akavua viatu mlangoni, akaenda jikoni kusaga mahindi. Mama akamwambia afunge mlango wa jikoni kwa komeo na asiufungue, akisikia lolote.

"Nitasikia nini?"

"Hata ukisikia jina lako."

"Mama, unanitisha."

"Afadhali."

Jua liliposhuka nyuma ya mlima, Rubiela alimfungua Otoniel kamba, akamwongoza kwa mkono mpaka chumba cha nyuma na kumkalisha kwenye kigoda mbele ya shuka jeupe. Alikuwa mwepesi. Alikuwa amebaki mifupa na poncho. Akawasha mshumaa, akajaza bilauri, akafunga mlango. Alikuwa amevaa gauni la buluu. Mpaka dakika ile hakujua amelivaa kwa ajili ya nani.

Alisali. Nje, nyuma ya mlango, mtu akakohoa taratibu, kama anayengoja zamu yake.

"Nipo, Jemadari."

Otoniel akashtuka. Akaanza kutetemeka. Akaukamata mkono wa gauni kwa vidole vyote, akavuta, akamsogezea mdomo.

"Bibie, naomba jambo moja."

"Sema."

"Ukionana na mke wangu, usimwambie niliogopa. Yule ni mkali kwa nje tu. Ataumia."

Rubiela alimtazama. Machozi yalimtoka bila sauti. Mtu huyu hakumjua yeye ni nani, hakujua nyumba ni ya nani, hakujua hata jina lake mwenyewe kama halikuambatana na kifo. Na katika yote yaliyochomolewa, lilikuwa limebaki hilo.

Akachukua bilauri. "Kunywa, mpenzi wangu," alisema, na kuisogeza midomoni mwake.

Kisha komeo likatikisika.

"Unafanya nini? Rubiela!"

Otoniel alimeza funda la kwanza.

"Rubiela, mimi ndiye. Mimi! Huyo hatakuita jina tena. Utamwosha mavi mpaka siku ya mwisho, naye atakuuliza mwenye nyumba yuko wapi!"

"Najua," alisema. Akainua bilauri zaidi.

"Nina kiu," sauti ikasema. Ilikuwa inakwaruza. "Rubiela. Nina kiu."

Funda jingine. Otoniel alikuwa anakunywa polepole, akisahau kumeza, na kila mara Rubiela alimpapasa koo ili akumbuke. Nusu. Robo. Mlango ukaacha kutikisika. Akasikia nyayo zikitembea nje, zinauzunguka ukuta. Zinakwenda upande wa jikoni.

Mluzi ukapigwa. Ule wa nyumbu.

"Kasuku!" sauti ikaita kwa furaha. "Kasuku wangu! Fungua, baba amerudi kutoka mjini!"

Kasuku ni jina la Nidia alipokuwa mtoto. Hakuna aliyelitumia tena tangu baba yake alipolisahau.

Jiwe la kusagia likasimama.

"Nidia!" Rubiela alipiga kelele. "Usifungue! Nidia!"

"Baba?" Ilikuwa sauti ya binti yake, ndogo, sauti ya mtoto.

Bilauri ilikuwa na maji ya kufunika kitako tu. Rubiela aliangalia mlango. Aliangalia bilauri. Otoniel alikuwa amefumba mdomo na kulala usingizi akiwa amekaa. Akisimama sasa, yote yamekwisha. Asiposimama, Nidia atafungua.

Komeo la jikoni likalia.

"Meza!" alimwambia mumewe, akimfumbua mdomo kwa vidole. "Meza, Otoniel, nakuomba, meza!"

Akammiminia. Akampapasa koo. Hakumeza. Akampapasa tena. Bawaba za mlango wa jikoni zikapiga kelele, upepo ukapita chini ya milango, mwali wa mshumaa ukalala. Otoniel akameza.

Nje, kitu kilitoa pumzi ndefu. Basi.

Rubiela alikimbia jikoni. Mlango ulikuwa wazi. Nidia alikuwa amesimama uani, hatua chache kutoka kizingitini, miguu mitupu kwenye matope, mkono mmoja ameunyoosha mbele. Giza lilikuwa linaingia na mvua nyembamba inamwangukia usoni.

Mama alimkamata kiunoni akamburuta ndani, akafunga, akaegemea mlango kwa mgongo.

"Alikuwa hapa," Nidia alisema. Meno yalikuwa yanagongana. "Mama, alinishika mkono. Halafu akauachia."

"Alikwambia nini?"

"Hakusema kitu. Alinitazama tu miguu."

Otoniel alilala usingizi mzito usiku ule, na asubuhi midomo yake ilikuwa laini. Akala arepa yote. Akamuuliza Rubiela, kwa adabu, kama mwenye nyumba yupo. Rubiela akamwambia yupo, akamkumbatia kichwa na kukilaza kifuani, na yeye akavumilia, ameona haya. Zizini, kwenye migomba, kwenye kahawa, hapakuwa na sauti yoyote. Alilia siku nzima, na safari hii alilia akimshika mkono.

Nidia aliteremka mjini Jumapili ileile. Alikuwa mchangamfu, anaongea, anakumbuka kila kitu. Mama alimuuliza maswali mengi, jina la huyu, deni la yule, na Nidia akajibu yote na kucheka: "Mama, sijaanza bado, acha mtihani!"

Alipoondoka, Rubiela alikwenda uani. Nyayo mbili za binti yake zilikuwa bado kwenye matope, pale aliposimama. Mguu wa kushoto, kidole cha mwisho hakikugusa chini; Nidia alikanyagwa na nyumbu utotoni, kidole hicho kikapinda juu. Rubiela akazifuta kwa jembe, akasawazisha. Usiku mvua ikanyesha sana. Asubuhi nyayo zilikuwa pale.

Akazifuta tena. Zikarudi. Akarundika mawe, akayakuta yamesogea kando, na katikati zimekaa nyayo mbili, safi, zikitazama nje. Akatafuta nusu mfuko wa saruji uliobaki tangu walipotengeneza kiwanja cha kuanikia kahawa, akachanganya na mchanga na kumwaga pale, akalainisha kwa ubao. Akakesha mlangoni akiilinda. Hakupita mtu, hakupita mbwa. Saruji ikakauka mbele ya macho yake, na kulipokucha nyayo zilikuwa ndani yake, na kidole kimoja hakikugusa.

Jumamosi Nidia akapanda nyumbani na mikate. Akavua viatu mlangoni kama kawaida yake, akaona saruji mpya uani, akacheka.

"Kumbe! Umemsimamisha nani hapa? Mguu wangu kabisa huu."

Kabla mama hajatoka jikoni, alikuwa amekwisha kutumbukiza mguu wa kushoto, kisha wa kulia. Zikamkaa sawasawa. Akasimama hivyo kitambo, akitazama chini kwenye mibuni, na kicheko kikamfutika usoni polepole.

"Mama," alisema. "Humu ndani pana joto. Kama viatu mtu alivyovivua sasa hivi."

Rubiela alimshika mkono, akamtoa pale, akamwambia waingie wakanywe kahawa kabla haijapoa.